Mbunge na Kura Yake: Tunajifunza kutoka kwa Masinde Muliro



Katika mikutano ya vikundi hapa Kiminini kuna swali moja ambalo halikosi. Kikundi kikitaka kujenga stoo ya mahindi, kikitaka kununua viti na hema za kukodisha, au kikitaka tu kuweka bomba la maji mpaka shuleni, mtu atauliza: "Mheshimiwa tumempelekea kadi?" Na harambee ikiisha, swali la pili: "Ametoa ngapi?" Akitoa nyingi anaitwa kiongozi. Akituma mtu na bahasha nyembamba, basi huyo amekwisha, tungoje uchaguzi.

Kusema ukweli, hatuwalaumu akina mama wanaouliza hivyo. Pesa ya stoo ni pesa, na mahindi yakinyeshewa hayangoji siasa. Lakini tunataka kikundi chako kikae chini na kuuliza jambo lingine: huyu mtu tulimwandika kazi gani? Ili tusiongee hewani, tumechukua maisha ya mbunge mmoja aliyekuwa jirani yetu, ambaye wazee wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wanamkumbuka kwa sura na kwa sauti. Huyo ni Masinde Muliro.

Muliro alizaliwa 1922 huko Matili, Kimilili. Alisoma Tororo upande wa Uganda, kisha akaenda mbali, mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Alirudi Kenya katika miaka ya hali ya hatari, akawa mwalimu. Wakati huo nchi ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria, lakini Mwafrika aliyekaa humo alikuwa ameteuliwa na Gavana, hakuchaguliwa na watu wake.

Mwezi wa Machi 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao. Msifikiri ilikuwa kura kama ya leo. Hukuweza kupiga kura kwa sababu tu wewe ni mtu mzima. Walipima masomo yako, mapato yako, mali yako na utumishi wako, na kwa vipimo hivyo mtu mmoja aliweza kupewa kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu. Mama asiye na cheti wala mshahara alibaki nyumbani. Viti vilikuwa 8 tu kwa Waafrika wote wa Kenya, na Wazungu, waliokuwa wachache sana, walichagua wajumbe 14. Muliro alisimama North Nyanza, akamshinda W. W. W. Awori, mtu mwenye jina kubwa ambaye alikuwa tayari ndani ya Baraza. Wenzake saba walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi na Lawrence Oguda.

Sasa angalieni walichofanya hawa wanane. Serikali ya kikoloni ilikuwa na viti vya uwaziri ambavyo ingewapa. Walikataa. Walisema hawatachukua cheo chochote mpaka viti vya Waafrika viongezwe, na walitaka 15 zaidi. Walipata 6, na mwaka 1958 wakawa wajumbe 14, sawa kwa hesabu na Wazungu. Hawakuwa na pesa za kugawa, wala hawakuwa na barabara ya kuahidi. Walikuwa na midomo yao, na ule umoja wa kukataa pamoja. Kwa vikundi vyetu hapo pana somo tosha, maana tunajua jinsi kikundi kinavyovunjika mara mtu mmoja akipewa kitu kidogo pembeni.

Mwaka 1960 umoja huo wenyewe ukagawanyika. Kukawa na KANU na KADU, na Muliro akawa naibu wa Ngala katika KADU. KADU ilitaka majimbo, yaani kila eneo liwe na serikali yake na baraza lake. Hapa kwetu jambo hilo liligusa mfupa, kwa sababu lazima mtu aulize: Kitale itakuwa ya jimbo gani? Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa ya walowezi Wazungu, na sasa ilikuwa inafunguliwa. Muliro alipigania iwe upande wa Magharibi. Wenzake wa KADU kutoka Bonde la Ufa walitaka iwe kwao. Tume ya mipaka ya 1962 iliiacha Bonde la Ufa. Sisi tunaona kwamba hapo Muliro alifanya kazi aliyotumwa na watu wake, lakini pia tunaona hatari yake. Mjumbe anaposimama na kusema "hii ni yetu", kuna jirani anayesikia "wewe si wa hapa". Uchungu huo haukwisha 1962. Tutaurudia.

KADU ilijivunja Novemba 1964 na watu wake wakaingia KANU. Wengine walisema ni umoja wa taifa. Kwa maoni yetu, siku hiyo Bunge lilipoteza upande wa kuuliza maswali, na Muliro na wenzake wanahesabiwa katika hilo. Mtu tunayemsifu si lazima tumsifu kwa yote.

Baada ya hapo aliingia katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka 1969 alikuwa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Wanavikundi, hiyo wizara mnaijua: vikundi vya kujisaidia kama vyetu vimekuwa vikienda kwa ofisi ya huduma za jamii kuandikishwa na kupata cheti. Wazee wengi pia humkumbuka kwa kuwahimiza watu wasio na shamba waungane, wachange, wanunue ardhi ya walowezi kwa pamoja. Baadaye akawa Waziri wa Ujenzi. Kwa lugha ya kijijini, alikuwa amefika. Gari la serikali, bendera, walinzi. Mtu kama huyo ndiye tungempelekea kadi ya harambee ya kwanza kabisa.

Hapo ndipo ilipokuja 1975.

Tarehe 2 Machi mwaka huo aliuawa Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ambaye watu walimwita JM. Nchi ilitikisika. Bunge liliunda Kamati Teule kuchunguza kifo hicho, na mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki, kijana wa upande wetu. Mwezi wa Juni kamati ilileta ripoti yake Bungeni. Ripoti ilikuwa nzito, na iligusa watu wa ngazi za juu katika usalama na serikali.

Sasa tusome pole pole, kwa sababu hapa ndipo kazi ya mbunge inaonekana. Hoja iliyokuwa mbele ya Bunge ilikuwa kuikubali ripoti. Upande wa serikali ukataka neno moja tu libadilishwe: badala ya kusema Bunge "linakubali" ripoti, iseme Bunge "limeiona", basi. Unaweza kusema, si ni neno tu? Lakini fikiria kikundi chako. Mkaguzi wa hesabu analeta karatasi inayosema mweka hazina amekula shilingi elfu ishirini. Mkiandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba "wanachama wamekubali ripoti", mweka hazina atalipa. Mkiandika "wanachama wameiona ripoti", mtu anakunywa chai na kurudi nyumbani. Neno ni dogo, lakini pesa zimo ndani yake.

Kura ilipigwa. Waliokataa mabadiliko hayo walikuwa 62, waliotaka mabadiliko walikuwa 59. Tofauti ya kura tatu! Ripoti ikakubaliwa. Na kati ya hao waliosimama na ripoti alikuwamo waziri mmoja, Masinde Muliro, na mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen.

Ni lazima tueleze kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa. Waziri anafungwa na kanuni ya kuwajibika pamoja. Baraza la Mawaziri likishaamua, waziri anapiga kura na serikali, na kama hawezi, anatoka. Muliro alijua kanuni hiyo kuliko sisi. Alipiga kura akijua bei yake. Rais aliwafukuza kazi wote watatu mara moja. Bendera ikatolewa kwenye gari. Mtu akawa mbunge wa kawaida wa kutoka Kitale.

Kuna watu watakaouliza: sasa sisi wa Trans Nzoia tulipata nini? Tulipoteza waziri! Barabara ingekuja! Swali hili tumelisikia kwa masikio yetu na si swali la kijinga. Waziri akiwa wa kwenu, lami huwa inajua njia ya kuja. Lakini jiulizeni pia: kama watatu wale wangepiga kura upande ule mwingine, hesabu ingekuwa 59 kwa 62. Bunge lingekuwa limeiona tu ripoti ya mauaji ya mbunge mwenzao. Barabara ingejengwa, na kila mbunge anayepita juu yake angejua ya kwamba hata akiuawa, wenzake wataona tu. Oktoba mwaka ule ule Martin Shikuku wa Butere alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe, Jean-Marie Seroney wa Tinderet, aliyekuwa Naibu Spika, akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kesi mpaka Desemba 1978. Hivyo ndivyo neno la mbunge lilivyokuwa na uzito.

Miaka iliyofuata tutaipita haraka. Muliro alipata kushindwa katika kura, na alipata kurudi Bungeni. Juni 1982 katiba iliwekwa Kifungu cha 2A na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 ukaja mlolongo. Wengi wenu mlisimama katika foleni hizo, nyuma ya picha ya mgombea, chifu akiangalia ni nani yuko wapi. Aliyehesabiwa kupata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa amepita, hata kura ya siri isipigwe. Viongozi wa makanisa walipinga waziwazi, na mmoja wao alikuwa Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Eldoret, ambaye alikufa kwa ajali ya gari tarehe 14 Agosti 1990 akirudi kutoka Busia.

Agosti 1991 Muliro, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alitokea tena mbele. Yeye na Oginga Odinga, Martin Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Bahmariz na George Nthenge walitangaza FORD, jukwaa la kurudisha demokrasia. Kwa nini sita tu? Wanavikundi mtafurahia hili. Sheria ya vyama ilisema kundi la watu kumi au zaidi lazima liandikishwe, na serikali isingekubali kuwaandikisha. Basi wakabaki sita, chini ya hesabu ya sheria. Baadhi yao walikuwa watu waliokaa ndani ya Bunge miaka mingi, wakaijua sheria mpaka kwenye mishono yake. Tarehe 16 Novemba waliita mkutano Kamukunji, Nairobi; serikali ikauzuia na viongozi kadhaa wakakamatwa. Lakini Desemba 1991 Kifungu cha 2A kiliondolewa na vyama vingi vikarudi.

Muliro hakuuona uchaguzi. Alikufa ghafla tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akiwa ndiyo kwanza amefika kutoka London. Ilikuwa miaka miwili kamili, kwa tarehe, tangu Askofu Muge. FORD, ambayo alikuwa akijaribu kuishika isipasuke, ikapasuka mwaka huo huo. Leo jina lake liko kwa chuo kikuu kilichoko Kakamega.

Tulisema tutarudia ule uchungu wa mipaka. Kuanzia mwisho wa 1991 nyumba zilichomwa Trans Nzoia na Bungoma, majirani wakafukuzana, na makanisa yetu yakapokea familia zenye godoro moja na kuku wawili. Bunge liliunda tena Kamati Teule, safari hii chini ya Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, kuchunguza mapigano hayo hapa na kwingine. Ripoti yake ilifika Septemba 1992. Bunge halikuipitisha. Kumbukeni, wabunge hao ndio waliotokana na mlolongo wa 1988. Linganisheni na 1975: wakati ule walipatikana 62 wa kusimama. Safari hii, habari ikiwa ni ya vijiji vyetu wenyewe, hawakupatikana wa kutosha. Sisi tunauliza, ni harambee gani ambayo ingeweza kufidia kura hiyo?

Sasa tuje leo. Jimbo la uchaguzi la Kiminini lilianza kupiga kura zake lenyewe 2013. Zamani tulikuwa ndani ya Saboti. Lina wadi sita: Kiminini, Waitaluk, Sirende, Hospital, Sikhendu na Nabiswa. Kila wadi ina mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti pale Kitale, yule tunayemwita MCA. Katiba ya 2010 inasema kazi yao ni kutuwakilisha, kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali inavyotumia pesa. Kutoa mabati hakumo. Hata ule mfuko wa maendeleo wa jimbo ulioanza 2003 umekuwa na kesi juu ya kesi, na Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria yake ya 2013 haikupatana na katiba. Sababu mojawapo ni rahisi: mtu aliyeajiriwa kuchunguza pesa hawezi tena kuwa mmoja wa wanaosimamia matumizi yake.

Na kura za wabunge bado zina nguvu ile ile. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakiwa barabarani, na wengine wakauawa siku hiyo. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Majina ya waliopiga kura ya ndiyo na ya hapana yaliandikwa na yanasomeka. Kila neno linalosemwa katika kikao cha Bunge huandikwa katika Hansadi. Kijana yeyote wa kikundi mwenye simu anaweza kuitafuta na kuwasomea wazee jioni moja: mbunge wetu amesema nini tangu achaguliwe? Amesema mara ngapi? Kuhusu mbolea alisema nini? Bei ya mahindi ilipoletwa, alikuwako?

Katika Kitabu cha Kutoka sura ya 18, Yethro anamshauri Musa juu ya watu wa kuwaweka kuwa viongozi. Someni pamoja aya ya 21. Angalieni sifa anazozitaja, na angalieni pia kama utajiri na ukarimu wa mkono vimo.

Kikundi kinaweza kufanya jambo lingine zaidi ya kupeleka kadi. Katiba, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ombi huandikwa kwa heshima, na linaweza kuwa kwa Kiswahili. Elezeni shida yenu, ofisi mliyokwenda kwanza na ilivyowajibu, kwamba jambo hilo haliko mahakamani, na mwisho mnachotaka Bunge lifanye, kwa maneno yaliyo wazi. Kisha majina, anwani, namba za vitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Linapelekwa kwa Karani wa Bunge. Kwa mambo ya kaunti, kama vile zahanati, chekechea na barabara ndogo, lipelekwe kwa Karani wa Bunge la Kaunti, Kitale. Pia mnaweza kumpa mbunge au MCA wenu alilete yeye mwenyewe. Hapo mtajua haraka kama anafanya kazi.

Maswali ya kujadili. Mkutano ujao chukueni nusu saa, mwenyekiti asiongee wa kwanza, na akina mama walioko nyuma waulizwe kabla ya wazee walioko mbele.

Kama ungekuwa mpiga kura wa Muliro 1975, ungemwambia apige kura gani, na kwa nini? Je, ungemwambia vivyo hivyo kama barabara ya kwenu ilikuwa nusu imejengwa?

Katika kumbukumbu za kikundi chenu, ni mara ngapi mmeandika "tumeona" mahali ambapo mlipaswa kuandika "tumekubali"?

Ni shida gani moja ya kijiji chenu ambayo harambee imeshindwa kuimaliza kwa miaka mitano? Nani kati yenu ana mwandiko mzuri wa kuanza kuiandika ombi, na ni lini mtakutana kuweka sahihi?